Chupa ya Maji ya Mto

Kisangani, Alhamisi jioni

Placide wangu, mume wangu, jua langu la Barumbu,

Najua umenyoa ndevu. Najua umevaa lile shati la buluu la harusi, umesimama pale libongo, kwenye gati la boti, na watu wanakuuliza kama unangoja gavana. Cheri, acha kuangalia wanaoshuka. Mimi simo ndani ya boti hii. Imeshuka barua tu, mikononi mwa Tonton Justin, na nimemwapisha akupe kabla hajashusha hata gunia moja la sukari, usije ukahangaika kunitafuta katikati ya mizigo. Siumwi. Sijabadilika. Nimenyimwa ruhusa, na nataka uyasikie kwangu, si kwa wasafiri wa Basoko ambao watatia chumvi.

Lakini kwanza wewe. Kile kidole kilichochomwa na mwiba wa samaki kimepona? Mama bado anakohoa asubuhi? Na simu yako iliyozama, bado inakauka ndani ya mchele, au mmeshakula mchele wenyewe? Mimi hapa kwa Tantine Odette ni mzima, nakula, hata sombe yao ya majani ya muhogo nimeizoea, ingawa wanaitia mafuta ya mawese kama wanampaka mtoto mchanga. Shida yangu ni moja tu, nayo ni upande wa kulia wa kitanda. Sasa analala hapo binti wa Tantine, na anapiga mateke. Kila akinipiga naamka na furaha ya sekunde moja, nikidhani ni wewe.

Kazi yangu unaijua: niko gishe, dirisha la malipo la uwanja wa ndege, nakata go-pass, ile karatasi ambayo kila msafiri anailipia kabla ya kupanda. Watu wanakuja na tiketi mkononi wakidhani wamemaliza. Maskini! Baada yangu kuna meza ya kadi ya njano ya chanjo, kisha meza ya kufungua mizigo, kisha bwana wa pasipoti, na njiani kote kuna vijana wanaobeba begi lako bila kuombwa, halafu wanaomba ya soda. Juzi mama mmoja muuza vitenge aligonga kioo changu: "Madame, kiti nimelipa, mzigo nimelipa, na uwanja nimelipa. Ile ya kupumua inalipwa gishe gani?" Foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikamkatia karatasi yake, maana kucheka hakupunguzi bei.

Mbele ya gishe kuna kamba. Mwenye go-pass anavuka, msindikizaji anabaki. Hapo ndipo watu wanapokumbatiana, Placide, mbele ya macho yangu, kila siku ya Mungu, na mimi nimekaa nyuma ya kioo kama samaki ndani ya beseni. Nakuwaza mpaka nakosea kurudisha chenji.

Bon. Jumanne alikuja mama mzee wa Isangi akimsindikiza binti yake, ambaye alikuwa anamfuata mumewe ng'ambo. Bibi arusi kama mimi, nywele bado zimesukwa kwa mtindo wa harusi! Nilimpenda hapo hapo. Nikamkatia karatasi, akavuka kamba, na papo hapo wakaanza kumsukuma: kadi iko wapi, fungua begi, songa mbele, pasipoti. Kufumba na kufumbua yuko chumba cha ndani, na mama yake amebaki kwenye kamba na chupa aliyoifunga kwenye kitambaa.

Mama akainama apite chini ya kamba. Mlinzi wetu, Ya Dodo, akamzuia.

"Mama, hapa mutu hapiti bila karatasi."

"Sipandi ndege, mwanangu. Natafuta miguu ya mutoto wangu tu."

"Miguu? Na hii chupa iko na nini?"

"Maji."

"Maji ya rangi hii? Mama, sema ukweli, iko lotoko, ile pombe kali."

Akafungua, akanusa kama mnywaji hodari, akadondosha kidogo kwenye ulimi. Uso ukamkunjika. "Yesu! Ni mto!"

"Si nilikuambia?" mama akasema. "Umeninywea bure, na bado hunipitishi."

Umeshaelewa, mpenzi wangu, najua. Lakini pale hakuna aliyeelewa. Wengine walianza kunong'ona mambo ya ndoki na uchawi. Ya Dodo amekulia mjini, hajui kwamba kwetu mtu haondoki mpaka amwagiwe maji ya nyumbani miguuni, ili miguu ikumbuke njia ya kurudi. Mimi nilijua mara moja. Niliiona ile asubuhi yetu: wewe umepiga magoti kwenye tope na suruali ya kanisani, unanimwagia kwa kata, maji baridi, napiga kelele, na umenishika kifundo cha mguu mpaka nahodha akauliza, "Mnasafiri wawili au mmoja?"

Mama akaja kwangu. "Binti, basi nikatie na mimi hiyo karatasi."

"Siwezi, mama. Inakwenda na tiketi ya ndege."

Akatazama meza zote, moja baada ya nyingine. "Kumbe kuna kitu kimoja hapa hamuuzi," akasema.

Nje, injini zilikuwa zimeanza kunguruma. Placide, sikufikiri. Niligeuza kibao cha "Imefungwa", nikachukua chupa, nikavuka kamba na beji yangu kifuani. Yule binti alikuwa kwenye mlango wa mwisho, analia kimya, anageuka nyuma kila hatua. Nikamwambia, "Dada, vua viatu." Akaiona chupa. Alivua pale pale kwenye sementi, nikammwagia mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na akacheka huku analia, kama nilivyofanya mimi. Maji yakateremka hadi kwenye viatu vyeupe vya bwana mmoja mnene nyuma yake. Bwana akatazama viatu, akanitazama. "Madame, na hii pia tunailipia?"

"Hii ni bure, Papa. Nawe utarudi."

Niliporudi, Chef, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa amesimama mbele ya gishe yangu, na foleni imefika nje kwenye magari.

"Madame Mireille. Watu wanakosa ndege, na wewe unaosha wasafiri miguu. Uko Yesu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema ile ruhusa yangu ya kwenda Barumbu niisahau, nitakaa gishe mpaka Noeli. Na yule mama bado alikuwa kwenye kamba. "Miguu yote miwili?" akaniuliza. "Yote miwili, mama." Akachukua chupa yake tupu, akaifunga tena kwenye kitambaa, akaenda zake taratibu kama mtu aliyemaliza kazi.

Nililia njia nzima kwenye toleka. Yule kijana wa baiskeli akapunguza mwendo. "Pole, dada. Umefiwa na nani?" Nikasema, "Ni mume wangu." "Amekufa?" "Hapana, yuko Barumbu." Akaanza tena kukanyaga pedali. "Barumbu siyo mbali hivyo, dada." Aende zake huko! Yeye anajua nini?

Usinikasirikie, cheri. Nimekupoteza kwa wiki zote hizi kwa sababu ya chupa moja, lakini ningekuja kwako na uso gani kama ningeyaacha yale maji kwenye kamba? Mabati ya nyumba yetu, yaliyonileta kazini huku, yatapatikana. Noeli itafika.

Msalimie Mama yako, mwambie majani ya kikohozi anywe yakiwa moto. Papa yako mwambie tumbaku yake iko kwa Tonton Justin. Mdogo wako Fiston asiguse redio yangu. Bibi yako, aliyecheza mpaka kiatu kikakatika siku ya harusi, mbusu mashavu yote mawili. Samaki uliyenikaushia mleni, kichwa niwekee.

Kesho asubuhi, nikishampa Tonton barua hii, nitavua viatu nami nitaingia mtoni mpaka magotini. Maji yanateremka kutoka kwangu kuja kwako. Hayakati karatasi kwa mtu, wala hayaombi ruhusa kwa Chef. Kwa hiyo sasa, hapo hapo ulipo, na hilo shati lako zuri, acha watu wacheke: vua viatu, mume wangu, ingia kidogo.

Mkeo, ambaye miguu yake haijasahau njia,

Mireille