Bango la Darajani

Mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako ya Marekani imefika. Sote wazima, na dada yako kajifungua mtoto wa kike. Umeuliza kama nasi tulikuwa na mabango ya vita kama hayo uliyoyaona makumbusho. Yalikuwepo. Wakati wa vita vya Uganda, pale sokoni Darajani walibandika picha ya askari kijana, mamake nyuma akitabasamu. Kaka yangu Makame akaiona, akajiandikisha, akenda, hakurudi. Mama akalichana lile bango. Mgambo akamwambia, "Bi mkubwa, hiyo mali ya serikali."

"Na mwanangu alikuwa mali ya nani?"

Mpaka leo hasira hazijanitoka. Nnataka kujua kama aliyechora picha ile naye alimpeleka mwanawe vitani.

Bibi yako, hapa Bububu