Sabuni Kwenye Hatua Mia

Jumapili, 9 Juni

Nina hasira. Naandika kwanza, chai itasubiri.

Jana jioni binti yangu wa mwisho alimpiga risasi nguruwe pori aliyekuwa akifukua viazi vya watu. Ndiyo kazi yake: yumo katika kikundi cha walinzi wa mashamba, ana kibali na gobore lake. Hatua mia hivi, nyuma ya bega, anasema. Mnyama akaruka, akazama kwenye matete. Damu matone tu. Wakatafuta mpaka giza likawafukuza.

Njiani kurudi, mjomba wake — mdogo wa mke wangu, na ndiye mkuu wa kikundi — akasema mbele ya wote kwamba huo ni mkono wa kike, bunduki haitaki huruma. Wakacheka. Jumamosi wanakaa kuamua kama anyang'anywe gobore.

Anyang'anywe! Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushindilia baruti.

Na hakuna aliyeuliza habari ya risasi. Wiki hii ndiyo ya kwanza kutumia zile mpya alizoleta huyo huyo mjomba, shemeji yangu, zenye ganda la shaba, zinazong'aa kama hereni. Zetu za zamani, laini, tulizokuwa tukijimiminia kwenye kalibu, amezikusanya zote. Mambo ya kizee, kasema. Mkono ndio umeulizwa. Risasi haijaulizwa.

Binti hakula. Katundika gobore ukutani, akalala na viatu.

Jumatatu, 10 Juni

Tumempata nguruwe. Binti alitangulia na mbwa, mimi nyuma na fimbo yangu. Alikuwa amejikokota mbali sana, maskini, mpaka kwenye maji. Amekufa taratibu. Hilo ndilo linalonichoma.

Tundu la kuingilia: nyuma ya bega, pale pale alipoapa. Tundu la kutokea, ubavu wa pili: dogo vile vile. Kidole changu kimeziba yote mawili. Risasi imepita kama sindano kwenye shuka.

Nilimpigia shemeji simu. Akanijibu kwamba mzoga uliolala porini siku mbili hauna ushahidi, hayo matundu huenda ni meno ya mbwa. Meno ya mbwa! Mawili tu, yanayotazamana, moja kila ubavu. Mbwa gani huyo, wa seremala?

Jumanne, 11 Juni

Sijatulia. Najieleza mwenyewe hapa, maana ualimu hauna kustaafu.

Risasi ya gobore hutoka kwa mshindo na moshi mwingi, na watu hudhani moshi ndio nguvu. Sivyo. Kasi yake si ile ya bunduki za kisasa, na ikifika hatua mia imeshachoka. Ndiyo maana inatakiwa kuwa laini. Ikikutana na nyama, ncha inabonyea, inatanuka, inafungua njia pana mapafuni. Mnyama anaanguka karibu, hateseki.

Hizi mpya zina kitundu kwenye ncha. Kitundu si kosa. Maji ya mwilini hukijaza, hukisukuma kwa ndani, ganda likapasuka na kufunguka kama ua. Lakini maji hayo yanahitaji kusukumwa kwa kasi. Bila kasi, kitundu ni pambo. Risasi hii ilitengenezwa kwa ajili ya bunduki nyingine, zenye kasi. Huku kwetu imevalishwa kikombe cha plastiki ili ikae kwenye mtutu, ikaitwa ya gobore.

Ni kama kumvalisha mtoto koti la baba yake ukamwambia sasa aendeshe lori.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda dukani kwa muuza risasi hizo, yule tunayemwita Bwana Uhakika, kwa kuwa kila sentensi yake inaishia hapo. Shemeji alikuwepo, ameegemea kaunta kama mwenye duka.

Juu ya kaunta wamepanga risasi zilizofunguka, nzuri kweli, kila moja ua. Nikauliza zimepigwa umbali gani. Bwana Uhakika akanipeleka uani: sanduku la magazeti yaliyolowa, na mstari wa chaki chini. Hatua tano!

Nikamwambia, kwa upole niliobaki nao, kwamba kwenye hatua tano risasi bado ina kasi yake yote, lazima ifunguke. Aisogeze mpaka mia. Akacheka. "Mwalimu, risasi ni risasi. Uhakika."

Nikamuuliza ni mnyama gani anayemsubiri mwindaji kwenye hatua tano, labda mbuzi aliyefungwa kamba. Vijana wawili dukani wakacheka, na shemeji hakupenda.

"Shemeji," akasema, "ulistaafu. Mtihani umekwisha, kalamu chini."

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili hasira ipate pa kwenda.

Alhamisi, 13 Juni

Nimechukua miche ya sabuni ya mke wangu, ndoo ya magazeti yaliyolowa na gobore langu la zamani, nikaenda machimbo ya kokoto. Sabuni inafanana na nyama kiasi cha kutosha: inapasuliwa, halafu inabaki na umbo la pigo. Magazeti nyuma yake yanadaka risasi.

Karibu: ile mpya imefunguka vizuri. Nakiri. Ile laini niliyokuwa nimeificha kabatini shemeji asiikusanye imevunjika vipande, haikufika mbali. Nalo nakiri, kila kitu kina umbali wake.

Kwenye hatua mia: sikuipiga sabuni hata mara moja. Macho haya! Sabuni ilikuwa ukungu mweupe na mimi nilikuwa napiga mlima.

Mke wangu alipoona sanduku la sabuni limebaki tupu, akauliza nguo atafulia nini, fizikia? Nikaanza kumweleza. Akasema maelezo hayatoi povu.

Ijumaa, 14 Juni

Kumbe shemeji amekubali jaribio la sabuni. Mke wangu alimpigia simu asubuhi. Sijui alimwambia nini. Nilisikia tu "mdogo wangu" mara nyingi, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Kesho, mbele ya kikundi chote, kwenye hatua mia, risasi mpya. Mpigaji awe binti.

Binti amekataa.

Nilimkuta ukumbini anasugua viatu ambavyo havina tope. Nikamweleza kasi, ganda, kitundu, yote. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza utotoni, kichwa kando. Kisha akasema:

"Baba, hayo najua. Na nikiikosa sabuni?"

Hili ndilo walilomfanyia! Hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo maisha yake yote. Tundu lilikuwa nyuma ya bega, aliliona kwa macho yake, akaingiza kidole chake mwenyewe — na bado wamemfanya auogope mkono wake. Kunyang'anywa gobore si kitu mbele ya hilo.

Mama yake akaingia na mche mmoja wa sabuni. Wa mwisho, alikuwa ameuficha nyuma ya unga. Akauweka mapajani kwa binti.

"Huu usinirudishie mzima," akasema, akarudi jikoni.

Binti ameushika muda mrefu. Baadaye nikasikia gobore likishushwa ukutani.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapa hapa machimboni, daftari gotini, kwenye kiti alichonibebea binti, pembeni, hatua kumi tu kutoka sabuni ilipowekwa. Kutoka kule wanakopigia, macho haya yangeona ukungu tu.

Wamekuja wote. Bwana Uhakika alitaka tuanze na hatua tano, "kupasha moto". Nikasema hapana. Shemeji alipima mwenyewe, hatua ndefu za makusudi, hivyo hata mia yake ni zaidi ya mia. Sawa tu.

Binti alishindilia polepole. Akaegemeza gobore begani, akalenga. Mshindo, moshi — na sabuni ikaruka kutoka juu ya sanduku! Nilisimama bila fimbo.

Hajakosa. Hilo limekwisha, hakuna wa kulirudisha nyuma.

Shemeji ametoka mbio, amefika wa kwanza. Ameiacha sabuni chini, amezamisha mkono kwenye magazeti mpaka kiwiko. Ametafuta. Ametoa risasi, ameifuta kwenye suruali, ameiangalia.

Amefumba mkono.

Wamemzunguka. Mmoja wa wale vijana wa dukani ameokota sabuni, anaiinua juani, anachungulia ndani ya tundu kama anayetazama darubini, na kutoka huku naona jinsi mwanga unavyopenya: mwembamba, sindano kwenye shuka. Binti amefika, bado na gobore begani, amesimama mbele ya mjomba wake na kumnyooshea kiganja.

Shemeji anatazama huku, kwangu. Mkono bado ameufumba.