Jaji Alivyorudi Kwenye Uwanja wa Baba Yake

Kensington, Johannesburg

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mwenyezi Mungu awe amekuamsha salama, na goti lisikuzuie tena kwenda msikitini. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeanza, inaingia mpaka kwenye meno. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unaitikia tu "ehee, ehee," nami najua hunisikii. Mdogo wangu Zuhura atakusomea, naye asiruke neno.

Yule bibi ninayemtunza, Mama Jaji, nilikwambia kazi yake ilikuwa Ulaya. Kule nchi nyingi zimekubaliana kufuata sheria za pamoja, naye alikuwa jaji kwenye mahakama inayozitafsiri. Kesi anayopenda kuisimulia ni ya fundi mwashi aliyehamia nchi nyingine kwa kazi, serikali ya huko ikamkatalia kumleta mama yake mzee. Mama Jaji na wenzake wakaamua mama aje. Akifika hapo hutazama dirishani. Sikujua kwa nini, mpaka Jumamosi iliyopita.

Baba yake alikuwa nahodha wa klabu ya raga, ule mpira wenye umbo la yai ambao watu huubeba mikononi na kuangushana. Zama za ubaguzi wa rangi huku, watu wa rangi yao hawakuruhusiwa kucheza na wazungu, basi wakaunda klabu yao, wakachezea kwenye changarawe. Ukianguka, ngozi inabaki chini. Baadaye serikali ikauhamisha mtaa mzima, na uwanja ukachukuliwa. Wakang'oa magoli, wakaondoka nayo mabegani. Mama Jaji alikuwa msichana anayesoma sheria na kupinga ubaguzi. Akaikimbia nchi, akazuiwa kurudi. Baba yake akafariki yeye akiwa Ulaya. Hakumzika.

Klabu bado ipo. Jumamosi walimwalika azungumze kwenye sherehe yao. Alisimama na hotuba mkononi, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Nilikuwa nainuka nimkalishe, mara mzee mmoja akasogea na mkongojo wake. Anaitwa Willem, na katika kikosi cha baba yake amebaki yeye tu.

"Wewe ndiye Dori?"

"Ndimi."

"Eish, mwanangu! Kabla ya kila mechi baba yako alituambia, 'Chezeni vizuri, nataka habari ya kumwandikia Dori.' Tukifungwa, alituongezea pointi kwenye barua."

Mama Jaji akacheka, baba, kicheko kikageuka kilio. "Barua zake zilinifikia," akasema. "Miaka yote nilidhani hamjawahi kufungwa!"

Hotuba ikaishia hapo. Aliniomba nimpeleke kwenye ule uwanja wa zamani wa baba yake, ambao sasa umeota nyasi, akavua viatu, akasimama katikati ya nyasi zilizokauka. Nilimshika mkono, nami nikalia. Watu walidhani namlilia yeye.

Tukiwa garini akaniuliza, "Salma, baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

Nikaanza kumweleza habari za kazi, nauli, na nani angebaki naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyosikilizwa mawakili nadhani.

"Mimi nilizuiwa na serikali," akasema. "Wewe umezuiwa na nani?"

Baba, nakuja nyumbani.

Mpwa wake wa Midrand amekubali kuja kukaa naye. Tiketi nimeshakata. Idi ya kuchinja itanikuta hapo nyumbani, inshallah. Usiwatangazie majirani, na usihangaike kupaka rangi chumba changu. Nataka nikae ubavuni pako unisimulie chochote, hata zile hadithi za kazi yako ya reli ulizokwisha kunisimulia. Nitapaza sauti, utanisikia.

Nisalimie shangazi, mwambie huku hakuna anayejua kukaanga bagia. Kaka Rashidi aache kuendesha lori akiwa na usingizi. Zuhura, ukimaliza kusoma, mbusu baba kwenye paji la uso kwa niaba yangu; zimebaki siku chache tu nije mwenyewe.

Binti yako mwenye hamu nawe,
Salma