Kitambaa Juu ya Mashine ya Barafu

Scola weee! Bosi wangu Genoveva kaumbuka leo hapa baa, Rusumo!

Mashine haitoi barafu wiki nzima. Yeye kashikilia kwamba Hakizimana, yule mkimbizi wa Kirundi anayetusaidia jikoni, anaiba barafu. Kila akipita anamshika mikono, eti aone kama ina baridi!

Leo fundi kaja. Kaondoa kile kitambaa cha kufuma ambacho Genoveva aliifunikia mashine isiingie vumbi la malori, kikaienea sawasawa. Nyuma moto kama jiko! "Mama, umeiziba hewa, itagandishaje?"

Kitambaa, Scola! Kitambaa tu!

Hakizimana kakikunja taratibu. "Mama, mke wangu alikufumia hiki cha mezani. Kilikuwa cha shukrani."

Genoveva kanivuta pembeni. Halafu kaninong'oneza: "Huyo mke wake, kipimo cha mashine yangu alikijuaje?"