Jiko Linalomeza Vidonge

2 Juni

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Hatujambo, ila miguu ya mama yako inamuuma kwa baridi, na mimi kero yangu ni moja tu: jiko lako. Daraja limekatika, lori la vidonge vya mbao, chakula chake, halijafika wiki ya tatu, na dukani yamebaki magunia matupu. Nyumba hii tayari ina wazee wawili wanaomeza vidonge asubuhi na jioni. Sikujua kwamba uliponifungia jiko la kupashia nyumba joto uliniletea mgonjwa wa tatu.

Nimesaga nafaka miaka thelathini na nane; stoo imejaa magunzi. Moto ni moto. Jana nimelimiminia maganda ya karanga, likala bila kinyongo. Mwambie mkeo aache kunipigia simu na kunigombeza. Ukiwa na neno, andika.

Mimi, baba wa mkeo

7 Juni

Shikamoo baba,

Natumaini miguu ya mama imepata nafuu. Huku wazima, watoto wanakusalimu.

Kwa heshima na taadhima, baba, moto si moto tu. Vidonge vile ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, vikavu, vya kipimo kimoja. Ndani kuna parafujo inayovisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto. Maganda ya karanga majivu yake huyeyuka yakaganda kama chupa iliyovunjika. Magunzi ndiyo kabisa, yataikwamisha parafujo. Nakusihi usijaribu. Nimefunga majiko zaidi ya mia mbili, najua ninachosema.

Mkweo

15 Juni

Mkwe wangu,

Sisi wazima, na nyinyi je?

Parafujo ilikwama kama ulivyotabiri, naona umefurahi. Nikaikwamua kwa koleo. Kisha nikayaanika magunzi, nikayaponda kwa nyundo, nikayachekecha kwa chekeche langu la kinuni hadi yakawa punje sawasawa. Sasa jiko linakula siku ya nne. Kioo kimekuwa cheusi kama sufuria, lakini joto lipo. Mama yako anashinda chumba cha juu na cherehani yake, maana bomba la moshi linapita pale na kunapata joto zuri. Analalamika kichwa tu. Nimemwambia ni miwani, abadilishe.

Nawe jaribu kuwa na majiko yasiyodeka.

Baba wa mkeo

20 Juni

Baba, shikamoo.

Sina salamu ndefu leo, na simu zetu hupokei. Kichwa cha mama si miwani, ni hewa ya sumu ya jiko. Zima jiko, fungua madirisha, mtoe mama chumba cha juu leo hii. Nimeandika mara ya kwanza kwa adabu, ukanijibu kwa nyundo na chekeche. Sasa nimechoka. Hubishani na jiko, unabishana na mimi kwa sababu nilimwoa binti yako na wewe ulitaka aolewe na mwalimu. Sawa, nichukie. Lakini usimfanyie mama majaribio!

Fundi

9 Julai

Mkwe wangu,

Barua yako ilifika tukiwa wodini. Tarehe 21 mama yako alianguka juu ya cherehani. Nilimkuta midomo imebadilika rangi, uzi ungali mkononi. Amepewa hewa ya oksijeni siku mbili. Sasa anatembea, anakula, ila ukimuita anachelewa kuitika.

Daktari aliuliza tulikuwa tunachoma nini. Nikasema magunzi. Akaandika. Usiku silali. Mke wangu wa ndoa ya miaka arobaini na sita, nimemtia sumu kwa ubishi wa mdomo wangu. Ulisema, sikusikia. Nisamehe.

Jiko nimelizima. Tumehamia kwa dada yangu. Ufunguo uko kwa jirani. Njoo uling'oe, nisilikute.

Baba mkwe

16 Julai

Shikamoo baba, shikamoo mama,

Nilifika Jumapili. Sikuling'oa. Nilianza kulikagua, na sijui nikuandikieje nilichokiona.

Chumba cha juu, nyuma ya lile boksi la mbao linaloficha bomba, kiungio cha pili hakina kibano cha kukikaza. Kibano chenyewe nilikikuta juu ya boriti, kina vumbi, pale nilipokiweka kwa mkono wangu. Siku ya kulifunga ulinipigia kelele toka chini: "Fundi, umelala huko juu?" Nikashuka na hasira zangu. Sikupanda tena kumalizia.

Hata ungechoma vidonge safi, ile hewa ya sumu ingepenya palepale, juu ya cherehani ya mama. Magunzi yako niliyapima: makavu kuliko vidonge vya dukani, na yamechekechwa vizuri. Angekuwa mteja mwingine ningemsifu. Yanaleta majivu na masizi mengi, basi.

Mkeo hukumtia sumu wewe. Ni mimi. Nilikuandikia kwa jeuri, kumbe kosa nimelifungia ukutani mimi mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu nikiwaza nifunge kibano, ninyamaze. Mke wangu nimemwambia. Hanisemeshi.

Mkweo

25 Julai

Mkwe,

Mama yako hajambo, anaitika sasa, na anakusalimu. Mimi sikusalimu bado.

Siku ishirini na tisa sikuweza kumtazama mke wangu usoni. Nilikula nimempa mgongo. Nilipoisoma barua yako niliitupa uani. Mama yako akaenda kuiokota, akanisomea upya kwa sauti, taratibu, kama anamsomea mtoto. Nimekasirika na bado nina hasira, na haki ya kukasirika ninayo.

Lakini ungeweza kunyamaza. Mimi ningeingia kaburini nikiamini ni mimi. Hilo limenikalisha siku nne.

Tumerudi nyumbani. Ni baridi. Njoo Jumamosi asubuhi, ukague kiungio kimoja kimoja mpaka darini, mbele ya macho yangu. Uje na mke wako, hata kama hakusemeshi. Ngazi nitaishika mimi. Kaa huko juu kadiri unavyotaka, sitauliza.

Baba