Ncha Mpya na Vishimo vya Jana

S.L.P. 62,
Boulder,
Australia Magharibi.

16 Agosti 1987

Mpendwa dada Glenys,

Naanza na hili kabla hata ya salamu, usije ukaisoma barua mbio mbio ukitafuta neno baya: mwanao Rohan ni mzima. Ana mikono yote, macho yote na hasira zake zote. Sasa kaa, jimiminie chai, tusalimiane kama watu.

Hujambo, dada yangu? Goti linakutendaje na baridi ya huko Dunedin? Na shemeji Alec, bado anapanda juu ya paa kama kijana, au umeshaificha ngazi? Mimi na wifi yako Beryl tunamshukuru Mungu. Kifua chake kilimsumbua mwezi wote wa Julai, lakini sasa ameanza tena kunigombeza, nami nimejua kwamba amepona. Asubuhi hapa ni baridi kavu, mabomba ya maji yanaganda, na yule mbwa mzee amehamia kabisa jikoni. Hatuna nguvu ya kumtoa.

Beryl anasema asante kwa sweta. Mikono ni mirefu kidogo, ila nimekatazwa kulitaja hilo, kwa hiyo jifanye hukulisoma.

Mimi mwenyewe si mzima sana, dada, na si ugonjwa wa kwenda hospitali. Nina hofu. Nakula nayo, nalala nayo. Nimekaa juma zima nikitafuta namna ya kukuandikia bila kukuambukiza, nimeshindwa. Tena nakuhitaji, kwa hiyo bora uogope pamoja nami.

Unajua kazi yangu ni vifaa vya kuchorongea mwamba. Watu wanaouza ncha za mashine huja na maneno matamu, na mimi ndiye ninayepewa hizo ncha nizijaribu kabla mgodi haujanunua. Bei ya dukani haitoshi kukuambia kitu. Ncha ya bei rahisi ikifa mapema ni ghali, na ya bei kubwa ikidumu ni rahisi. Lazima uangalie imetoboa urefu gani, imenolewa mara ngapi, imemchelewesha mchorongaji kiasi gani. Kule chini wananiita Bwana Saa kwa sababu ya saa ninayotembea nayo shingoni. Wakiniona nakuja wanasema haya, vuteni matumbo ndani, mpimaji huyo.

Majira ya baridi yalipoanza zikaletwa ncha mpya, karibu nusu ya bei ya zile zetu. Meneja wetu, Bwana Ashworth, macho yakamtoka. Nikapewa wachorongaji wawili, kila mmoja na njia yake ya chini kwa chini, mwamba ule ule. Bluu, yule mwenye nywele nyekundu aliyekula keki yote ulipokuja Krismasi, alipewa ncha za zamani. Rohan akapewa mpya.

Rohan akamwacha Bluu mbali sana. Ncha mpya zilidumu, na tena zilikuwa za haraka kupita kiasi, hasa pale mwanzo wa kila tundu ambapo mashine hupoteza muda mwingi. Nilijivuna, dada, nisikufiche. Kila Jumapili mezani nilimtania kwamba mgodi mzima utanunua ncha kwa ajili ya mabega ya mpwa wangu. Naye alikuwa anacheka, anaongeza nyama, anampigia hesabu Beryl ya nyumba atakayonunua, maana sisi hapa mchorongaji hulipwa kwa mita.

Nilianza kuingiwa na wasiwasi kwa jambo dogo. Siku moja nilichukua moja ya zile ncha nikaijaribu mwenyewe kwenye jiwe kubwa huku juu, nyuma ya karakana. Haikutaka kuanza. Uso wake ni wa mviringo, ikawa inateleza juu ya jiwe kama sabuni kwenye sinia. Ikishaingia inakwenda vizuri, lakini kuingia kwenyewe ni vita. Nikajiuliza Rohan anaziingizaje haraka namna ile. Nikashuka kwenda kutazama.

Hapa lazima nikueleze kitu, kwa sababu wewe hukuolewa na mtu wa mgodi. Tukishalipua baruti, mwamba haukatiki sawasawa. Mwisho wa kila tundu hubaki kishimo kifupi kwenye ukuta mpya, na mara nyingine ndani yake hubaki baruti ambayo haikushika moto, na ncha ikiigusa hulipuka. Sisi tunaviita vishimo vya jana. Kabla ya kuchoronga unauosha ukuta wote kwa maji, unavitafuta kimoja kimoja, unavizungushia rangi, halafu unaanza tundu lako mbali navyo. Hili ndilo jambo la kwanza mtu anafundishwa siku anapopewa taa ya kichwani. Aliyekamatwa akichoronga katika kishimo cha jana anafukuzwa siku hiyo hiyo, wala haulizwi ana watoto wangapi.

Lakini kishimo cha jana ni tundu tayari. Ncha inayoteleza ukiitia humo, haitelezi.

Nilifika nikakuta ukuta ni mkavu, una vumbi la mlipuko. Rohan alikuwa amenipa mgongo, mashine inanguruma, masikio kayaziba. Nikaiona ile ncha ikienda moja kwa moja kwenye kishimo cha jana na kukaa humo bila kuhangaika. Nilipiga kelele, wala mimi mwenyewe sikujisikia. Kumshika mtu bega akiwa anachoronga huwezi, akishtuka mashine inampeleka palepale. Koki ya hewa inayoendesha mashine ilikuwa nyuma yangu, na miguu yangu, Glenys, ilikataa. Nilisimama namwangalia mtoto wako anachoronga kifo, nami nimeganda. Sijui ni muda gani, na saa ilikuwa inaning'inia shingoni kwangu. Halafu miguu ikanirudia nikaifunga ile koki.

Mashine ilipokufa Rohan aligeuka na uso mwekundu.

“Mjomba, umenivurugia mita zangu bwana!”

“Ondoka hapo. Hujaosha ukuta.”

“Yote yalilipuka jana, nilihesabu milio mwenyewe. Wee unazeeka sasa.”

Alikuwa anacheka. Msimamizi wa zamu, Vinko, alikuwa amesikia mashine imenyamaza kabla ya wakati, akaja. Alitusogeza wote nyuma, akachukua mpira wa maji akakiosha kile kishimo taratibu, kwa mbali, kama mtu anayemwosha mtoto jicho. Yakatoka matope meusi, kisha yakatoka matope meupe, kisha kikatoka kipande cha baruti chenye karatasi yake.

Vinko akamulika ndani. Kati ya alama ya ncha na pale ile baruti ilipokuwa imelala pangetosha kidole kimoja.

Rohan alikwenda kukaa tunapolia chakula, akatoa chupa yake ya chai akawa anakikaza kifuniko badala ya kukifungua. Vinko akamfungulia, akammiminia. Alikunywa kama tulivyokuwa tunamnywesha dawa ya kikohozi alipokuwa mdogo. Nilidhani pale amejifunza, na kwa mara ya kwanza siku ile nikapumua.

Kumbe yaliyobaki ndiyo magumu. Tulipokuwa tunapanda Vinko alinivuta kando.

“Merv, macho yangu siku hizi ni mabovu. Kama we hukuona kitu, na mimi sikuona.”

Alitaka kunisaidia. Lakini Bwana Ashworth alikuwa anangoja neno langu ili aagize ncha mpya za mgodi mzima. Nikinyamaza, kila mchorongaji wetu angepewa ncha inayoteleza, na mita zake zingemsukuma palepale ziliposukuma Rohan. Nikisema, ilibidi niseme ile haraka ilitoka wapi, na ilitoka kwa mpwa wangu. Nyumbani Rohan alinisihi mpaka akalia. Sema zinavunjika mjomba, sema hazinoleki, sema lolote, ila usiseme hilo. Beryl naye alisimama mlangoni na sufuria mkononi, hakujua amwonee huruma nani.

Ningesema zinavunjika nani angeamini? Zilikuwa zimelala mezani kwa meneja, nzima zote, hata doa hazina.

Nilikwenda nikasema. Bwana Ashworth aliniuliza kama kasoro iko kwenye ncha au kwa mtu. Nikamwambia ncha inayomfundisha mchorongaji mzuri ujinga ina kasoro, na bei yake iongezwe jeneza. Akamwita Bluu na wengine wawili walioazima zile ncha kwa siku chache. Mmoja alikiri kwamba naye alifanya vivyo hivyo. Ncha zote zikarudishwa kwa muuzaji. Rohan na yule aliyekiri wakafukuzwa kabla ya saa ya chakula.

Kwa hiyo usipoipata barua yake ujue sababu. Alifungasha vitu vyake akaondoka bila kuniaga. Beryl alimfungia maandazi ya nyama akayachukua, kwangu hakutupa jicho. Hilo nalivumilia. Mtoto wa dada yangu anichukie akiwa anapumua, nitaishi nalo.

Hofu ninayokuambia si ya siku ile, dada. Siku ile imepita. Majuma mawili yaliyopita Bluu alikuja na habari. Rohan amepata kazi mgodi mwingine huko kaskazini, anachoronga, na huko wameshanunua zile zile ncha. Yule muuzaji alitoka kwetu akaenda kwao. Nimewapigia simu, nimeongea na kijana wa ofisini, akaniambia kwa upole kwamba wao wanazipenda sana, ni za haraka. Nimempigia Rohan kambini, akisikia ni mimi anakata. Nimemwandikia, barua imerudi haijafunguliwa. Kila alasiri inapofika saa ya kulipua nakwenda kukaa karibu na simu, na hata lile neno la wahenga kuhusu sikio la kufa sitaki kulitamka, naogopa litasikia.

Najiambia alikiona kile kipande cha baruti kwa macho yake, hawezi kurudia. Halafu nakumbuka alivyokuwa anacheka. Kijana akishaiona hatari na isimguse, siku ya pili anaidharau, ya tatu anaizoea. Nimewaona wengi, na baadhi yao nimebeba majeneza yao.

Ndiyo maana nimekuchosha na habari za ncha na vishimo. Nataka uzijue kama mimi, ili umuulize jambo ambalo hawezi kulikwepa. Usimwandikie ajihadhari, kila mama anaandika hivyo, na kila mtoto anajibu ndiyo. Usimwambie arudi New Zealand, hatarudi. Wala usimtaje mjomba wake, ataichana barua. Muulize tu, kila juma, kana kwamba ni udadisi wa kizee: jana uliuosha ukuta?

Msalimie sana shemeji Alec, na Noeline na mumewe, na yule mjukuu mpya ambaye tunangoja picha yake. Mama Hilda wa jirani kama bado yu hai mwambie Mervyn aliyemvunjia kioo anamsalimu. Beryl anakukumbatia. Mungu akupe afya, ailinde nyumba yako na kila aliye wako, aliye karibu na aliye chini ya ardhi.

Neno moja tu nililobakiza. Rohan anaweza kunidanganya mimi, anaweza kumdanganya msimamizi wake, lakini wewe hajapata kukudanganya hata siku moja. Kwako yeye hukwepa tu, nawe unamjua anavyokwepa. Kuosha ukuta ni kazi chafu, maji ya baridi yanakurudia mpaka ndani ya viatu, na hakuna anayeifanya bila kuinung'unikia. Akikuandikia kwamba soksi zake hazikauki na vidole vya miguu vinamuuma, lala usingizi, dada. Akikuandikia kwamba kila kitu ni shwari, nipigie simu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Nitawasha gari niende nikasimame kwenye mlango wa mgodi wao mpaka atoke, anitukane mbele ya watu wote.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukungoja,

Mervyn