Rangi Chini ya Waya wa Ethi

Baba yangu mheshimiwa,

Kamwene. Pokea shikamoo yangu, nawe umfikishie Mama ya kwake. Je, kikohozi kimempungua, au bado analala ameketi? Mimi hapa Makambako ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, na sababu yake ni gari la usharika wa kanisa lenu.

Dereva wenu, Bwana Tweve, alilileta gereji kwetu juzi likivutwa kwa kamba. Lilimzimikia kwenye ukungu, akiwa amewasha taa, wipa na hita kwa pamoja.

"Betri ni mpya, fundi," akaniambia. "Tafuta uchawi mwingine."

Baba, magari ya siku hizi huongozwa na kompyuta, nayo hutegemea waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi. Waya huo usiposhika vema, sensa, yaani vihisi vya injini, hupeleka taarifa za uongo na injini huzimika. Nilipofungua nati yake nilikuta rangi ya buluu, ile ile mliyopaka hadi uvunguni ili gari lipendeze siku ya kubarikiwa. Rangi haipitishi umeme. Natamka haya kwa unyenyekevu, nikijua fika kwamba ni wewe uliyeisimamia kazi hiyo.

Nilikwangua sehemu moja, injini ikawaka. Zimebaki nyingine, pamoja na ile ya kompyuta yenyewe, lakini Tweve hakukubali kungoja.

"Inawaka, halafu unataka kuichubua tena? Mzee wako atanichinja! Hii imebarikiwa."

"Baraka haikukataza msasa," nikamjibu.

Akacheka, akaondoka nalo.

Sasa nimesikia kwamba Ijumaa mtamshusha Mama kwa gari hilo hilo kwenda hospitali Njombe. Baba, injini ikizimika kwenye mteremko ule wa kona, usukani huwa mgumu na breki huwa nzito. Sikutaka kuyasema haya kwa simu, kwa kuwa ungeipokea mbele ya wazee wenzako na ungelazimika kunibishia. Ndiyo maana nimemkabidhi kondakta wa basi barua hii. Naomba rasmi: Mama asilipande gari hilo kabla sijafika. Alhamisi napanda basi, nikiwa na msasa na waya mpya.

Mpe pole dada yangu anayemuuguza Mama, na umsalimie shangazi mwenye shamba la viazi. Tweve naye mwambie sina kinyongo naye.

Na iwapo itakuwia vigumu kulizuia gari mbele ya kamati ya usharika, basi ficha ufunguo, Baba, useme ni mimi niliyekuagiza.

Mwanao mtiifu,
Eliudi, fundi umeme wa magari